Ukuta wa Ndani: Jinsi Njia ya Hewa Inavyojijenga Upya Baada ya Korona

 

Mwezi huu tumechagua kuzungumza juu ya kikohozi. Kila msimu wa mvua ukifika, kambi nzima inakohoa, na maswali huwa ni yale yale. Mtu ameugua siku tano, homa imekwisha, amerudi kwenye kazi zake na kwenye foleni ya mgao, lakini kikohozi kinamfuata wiki ya pili na hata ya tatu. Pale bombani majirani wanasogeza ndoo zao. Nyumbani ametengewa kikombe chake. Mwenyewe naye usiku halali, anajiuliza: je, korona imekula mapafu yangu? Ndiyo basi tena?

Shirika la Afya Duniani lilitangaza dharura ya korona tarehe 30 Januari 2020, na likaiondoa tarehe 5 Mei 2023. Lakini kuondolewa kwa dharura si kuondoka kwa kirusi. Bado kinazunguka duniani, na kina ndugu zake wanne wa siku nyingi ambao huwaletea watu mafua ya kawaida. Kwa hiyo ni vizuri tuelewe kinachotokea ndani ya pua na kifua, mtu anapougua na anapopona. Tukielewa, tutajua lini tutulie na lini tukimbilie zahanati.

WAFANYAKAZI WATATU WA UKUTA

Mtu mzima anavuta zaidi ya lita 10,000 za hewa kwa siku moja. Hewa hiyo inakuja na vumbi la barabarani, moshi wa kuni na vijidudu vya kila aina. Yote hupita puani, kooni, kwenye bomba la hewa, na kuelekea kwenye matawi yanayoingia mapafuni. Njia yote hiyo imepakwa utando laini wenye unyevu, kama nyumba ya udongo inavyokandikwa kwa ndani. Utando wenyewe umejengwa kwa seli, yaani vyumba vidogo vidogo vyenye uhai, ambavyo mtu haoni bila hadubini. Seli hizo ni za aina nyingi, lakini leo tutazitaja tatu.

Wa kwanza ni seli za kamasi. Wengi wetu tunachukia kamasi, lakini kamasi ni mtego. Vumbi na vijidudu vinanasa humo kama nzi kwenye asali.

Wa pili ni seli za vinyweleo. Kila seli ina vinyweleo kama 200 juu yake, na vinapiga mara 10 hadi 20 kwa sekunde moja, vyote kwa kuelekea upande mmoja. Mmeona watu wanaojenga wanavyopanga mstari na kupitishiana matofali mkono kwa mkono? Vinyweleo hufanya hivyo hivyo. Vinapitishiana kamasi kutoka chini kifuani mpaka kooni, sisi tunaimeza bila kujua, na asidi ya tumbo inamaliza kazi. Hii inaendelea usiku na mchana, hata tukiwa usingizini.

Wa tatu ni seli za msingi. Hizi ziko chini kabisa, zimeshikilia wengine. Hazina vinyweleo, hazitoi kamasi. Mtu anaweza kudhani ni wavivu tu wanaokula posho bure. Kumbe ndizo mbegu ya ukuta mzima. Seli ya juu ikifa, seli ya msingi hugawanyika na kuzaa nyingine ya kushika nafasi yake. Tuzikumbuke hizi, maana habari yote ya kupona inatoka kwao.

MGENI MWENYE MIIBA

Kirusi cha korona ni kidogo mno. Ukipanga virusi 10,000 kwa mstari mmoja, unapata urefu wa kama milimita moja tu. Kimezungukwa na miiba pande zote, na miiba hiyo ndiyo iliyokipa jina, kwa sababu kwenye picha inaonekana kama taji.

Picha za kwanza za aina hii ya kirusi kutoka kwa mtu alipiga mwanamke mmoja mjini London miaka ya 1960, jina lake June Almeida. Wasichana wetu wa shule tunapenda wamjue. Alizaliwa Glasgow, Scotland, mwaka 1930, baba yake akiwa dereva wa basi. Alikuwa mwanafunzi hodari, lakini nyumbani hapakuwa na pesa za chuo kikuu, akaacha shule na miaka 16 na kuanza kazi katika maabara ya hospitali. Baadaye alijifunza hadubini ya elektroni mpaka akawa bingwa. Wakati ule mtaalamu David Tyrrell alikuwa na kirusi cha mafua ambacho kilikataa kukua kwa njia za kawaida za maabara. Mwaka 1965 yeye na mwenzake waliandika kwamba kimekubali kukua kwenye vipande vya utando wa bomba la hewa, ule wenye vinyweleo. Almeida ndiye aliyekitazama na kuonyesha sura yake. Jina la korona likatolewa mwaka 1968. Kwa hiyo toka mwanzo, habari ya kirusi hiki na habari ya utando huu zimekwenda pamoja.

Sasa, kirusi peke yake hakiwezi kuzaa. Ni lazima kiingie ndani ya seli yenye uhai. Kirusi cha korona ya mwaka 2019 kinatafuta mlango mmoja juu ya seli, ambao wataalamu wanauita ACE2. Puani, seli za vinyweleo ndizo zinazoshambuliwa zaidi. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walionyesha jambo la kushangaza: kirusi kinajishika kwenye vinyweleo vyenyewe ili kuvuka kamasi na kuifikia seli. Walipozuia vinyweleo visiote, kirusi kilishindwa kuingia kwa wingi. Yaani mwizi amepandia ngazi ya mwenye nyumba.

Kikishaingia, kinaigeuza seli kuwa kiwanda cha kutengeneza virusi vingine. Mwanzoni mwa mwaka 2020 wataalamu wa China walikiotesha kirusi hiki juu ya seli za njia ya hewa za binadamu. Baada ya saa 96 wakaona kwamba pale katikati ya maambukizi vinyweleo vimeacha kupiga. Mwaka 2021 watafiti wa Taasisi ya Pasteur ya Paris wakaeleza zaidi: seli inaanza kwa kupoteza amri ya ndani inayoiambia itunze vinyweleo, halafu vinyweleo vinapotea kwa haraka. Ni kama fundi aliyesahau ufundi wake, bado yuko kazini lakini hajui afanye nini. Seli nyingi baadaye hufa na kubanduka.

Hapo ndipo kikohozi kinapoeleweka. Ule mstari wa kupitishiana umevunjika. Kamasi ipo, tena imeongezeka, lakini hakuna wa kuipandisha. Mwili unabaki na njia moja tu ya kuitoa, nayo ni kuisukuma kwa nguvu za kifua. Pia utando uliobanduka unawashwa na kitu kidogo tu, kama hewa baridi ya alfajiri, vumbi au kicheko. Kwa hiyo mtu anayekohoa baada ya homa kwisha, mara nyingi si kwamba ugonjwa umerudi. Anafanya kwa mkono kazi ambayo vinyweleo vyake bado havijaweza.

KENGELE YA HATARI

Seli iliyovamiwa haikubali kufa kimya. Inatoa kemikali iitwayo interferoni, iliyogunduliwa na wataalamu wawili London mwaka 1957. Kazi yake ni kama kengele ya usiku: seli za jirani zikiisikia, zinafunga milango na kujiandaa, na askari wa mwili wanaitwa waje.

Ujanja wa korona ni kuchelewesha kengele hiyo. Wale watafiti wa Paris waliona kwamba interferoni ilipanda baada ya vinyweleo kuwa vimeshaanza kuharibika. Na kuchelewa kunagharimu. Huko Uingereza, mwaka 2021, vijana 36 wenye afya njema, wa miaka 18 hadi 29, walikubali kwa hiari yao kuwekewa kirusi puani chini ya uangalizi wa madaktari. Waliopata maambukizi walikuwa 18, na hakuna aliyezidiwa. Kirusi kilifika kilele kama siku ya tano, na puani kilikuwa kingi kuliko kooni. Utafiti mwingine wa namna hiyo uliotolewa mwaka 2024, uliofuatilia watu 16, ulionyesha kwamba wale waliokitimua kirusi haraka, askari wao wa mwili walifika puani mapema. Wale walioendelea kuugua, askari walifika wamechelewa.

Hii pia inasaidia kueleza kwa nini watoto wengi waliugua kidogo. Watafiti wa Berlin walionyesha kwamba seli za pua za watoto tayari ziko macho, zimejiandaa kupiga kengele. Upande mwingine, mwaka 2020 ilionekana kwamba kati ya wagonjwa 987 waliozidiwa sana, 101 walikuwa na kingamwili zilizokosea njia, zikazima interferoni zao wenyewe. Wengi wa hao walikuwa wanaume, na wengi walikuwa wa umri mkubwa. Kwa hiyo babu na bibi zetu wanapougua tusiseme tu ni uzee. Wanahitaji kuangaliwa mapema.

UKUTA UNAJENGWA TENA

Sasa tufike kwenye habari njema. Seli za juu zinapobanduka, zile seli za msingi zinaamka. Kwanza zinagawanyika na kujitandaza ili kufunika pahali palipo wazi. Tabaka hilo la kwanza ni bapa, halina vinyweleo, ni kama udongo wa kwanza unaopigwa kwenye fito. Baadaye baadhi ya seli zinajifunza kazi ya kamasi, na nyingine zinaota vinyweleo na kuanza kupiga kwa mwelekeo mmoja.

Kazi hiyo inachukua muda gani? Maabarani, seli za msingi zikiwekwa kwenye chombo maalumu na kuachwa zipate hewa kwa juu, zinahitaji kama wiki 3 hadi 4 kujenga utando kamili wenye vinyweleo vinavyopiga. Basi msishangae kwamba baada ya maambukizi ya njia ya hewa kikohozi kinaweza kubaki wiki 3 na hata 8, kikipungua kidogo kidogo. Homa inaondoka kwa siku, lakini ukuta unajengwa kwa wiki.

Habari ya kunusa ni ya namna hiyo hiyo. Wengi mnakumbuka mwaka 2020 na 2021 watu walivyokaa mbele ya sombe yenye samaki wasisikie harufu yoyote. Tulidhani mishipa ya kunusa imekufa. Lakini mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walionyesha kwamba mishipa hiyo yenyewe haina ule mlango wa ACE2. Wenye mlango ni seli za jirani zinazoitegemeza na kuilisha. Wasaidizi wakirudi kazini, harufu inarudi. Kwa wengi ilirudi katika wiki chache, ingawa kwa wengine ilichukua miezi mingi.

Tuseme ukweli wote: si kila mtu anapona sawasawa. Kirusi kikishuka mpaka vile vifuko vidogo vya mapafu ambako oksijeni inaingia kwenye damu, madhara ni makubwa zaidi na makovu yanaweza kubaki. Na wako watu ambao uchovu na kukosa pumzi viliwakaa zaidi ya miezi mitatu. Hao si wavivu wala hawajifanyi, wapelekwe zahanati na wapunguziwe kazi nzito za nyumbani.

TUSIBOMOE KINACHOJENGWA

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Huu ukuta mwili unauziba wenyewe, lakini sisi tunaweza kuuchelewesha bila kujua. Tuangalie mambo manne.

Moshi. Moshi wa kuni na wa tumbaku unalegeza vinyweleo na kuongeza kamasi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa kupikia majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 katika mwaka 2020, na kati yao zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Tunajua hali yetu, hatuwezi kuwaambia mama zetu wanunue gesi. Lakini yako mambo tunayoweza. Mvua ikikatika, pikia nje au barazani. Anika kuni zikauke kabisa, maana kuni mbichi ndizo zenye moshi mwingi. Loweka maharage usiku kucha na ufunike sufuria, yataiva mapema na moto utawaka muda mfupi. Na mtoto au mgonjwa anayetoka kwenye kikohozi asiketi jikoni, hata kama kuna baridi. Mpe nguo ya kujifunika akae upande mwingine.

Antibaotiki. Amoksisilini na wenzake wanaua bakteria, hawaui virusi. Ni kweli kwamba ukuta uliobanduka unaweza kuwafungulia bakteria njia, na hapo nimonia inaweza kufuata. Lakini anayejua kutofautisha ni mganga wa zahanati, si muuza duka, wala vile vidonge vilivyobaki vya jirani. Tukizimeza ovyo, bakteria wanazizoea, na siku mtoto atakapozihitaji kweli hazitamfaa.

Mvuke. Hatuwadharau wazee wetu. Mvuke unaweza kumpa mtu nafuu ya pua kwa muda. Lakini kirusi kimejificha ndani ya seli, na mvuke haukiui huko. Tena sufuria ya maji ya moto chini ya blanketi imeunguza watoto wengi. Mtoto asiwekwe chini ya blanketi na maji ya moto, hata mara moja. Maji ya kunywa ya uvuguvugu yanatosha, na kijiko cha asali kama ipo kinatuliza koo, ila si kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja.

Kuambukizana. Anayeugua akohoe kwenye kiwiko, aoshe mikono, afunge kitambaa au barakoa akiwa na wazee, na madirisha yafunguliwe mchana. Chanjo nazo zinaifundisha miili kumtambua mgeni mapema, na zimepunguza sana vifo. Muulizeni mhudumu wa afya wa bloki yenu ni chanjo gani zipo sasa kwa wazee, kwa wajawazito na kwa watoto.

LINI TUKIMBILIE ZAHANATI

Tumesema kikohozi kinaweza kuchelewa. Lakini hapa kambini tunaishi kwa kubanana, na kifua kikuu nacho huanza na kikohozi. Kwa hiyo sheria ni hii: kikohozi kikifika wiki mbili, nenda ukapime makohozi, hata kama una hakika ni mabaki ya korona. Usisubiri wiki hizo mbili kama unakohoa damu, unakonda, au unatoka jasho jingi usiku. Mwenye virusi vya UKIMWI aende kwa kikohozi chochote. Kipimo kikionyesha hakuna kitu, utarudi nyumbani na amani, ukisubiri ukuta wako umalizike.

Kwa watoto tuhesabu pumzi. Mtoto akiwa ametulia, halii, tazama kifua chake kwa dakika moja nzima. Anapumua haraka kupita kiasi ikiwa hesabu inafika:
– 60 au zaidi, mtoto wa chini ya miezi 2;
– 50 au zaidi, mtoto wa miezi 2 mpaka 12;
– 40 au zaidi, mtoto wa mwaka 1 mpaka 5.

Hesabu hizo zikifika, mpeleke siku hiyo hiyo. Mpeleke upesi zaidi, hata usiku, kama chini ya mbavu panabonyea ndani anapovuta pumzi, kama hanyonyi au hanywi, anatapika kila kitu, ana degedege, au amelegea haamki vizuri. Kwa mtu mzima, asubiriwe nini kama anashindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, kifua kinambana, au midomo imebadilika rangi? Apelekwe mara moja.

Neno letu la mwisho ni kwa majirani. Mtu aliyepima na kuambiwa hana kifua kikuu, homa yake imekwisha na anakohoa kidogo kidogo, huyo ni mtu anayepona. Msimsogezee ndoo mbali. Msaidieni kubeba ya kwake, maana kupandisha mlima na lita 20 kifua kikiwa bado kinajengwa ni kazi kubwa. Na watoto wake wakija kucheza, waachieni wacheze.

Wazazi, someni ukurasa huu pamoja na watoto wenu, hasa zile hesabu za pumzi. Zikateni mzibandike ukutani karibu na kitanda, kwa sababu homa ya mtoto hupenda kuja usiku. Walimu wenzetu, darasa la tano na la sita wanaweza kuzifanyia zoezi kwa kuhesabiana pumzi wawili wawili.

Tunawatakia nyumba zenye moshi kidogo na usingizi mzuri. Mpaka mwezi ujao, kwaherini.